Faini ya Mtungi Mmoja

Deodata alikuwa na kazi mbili pale Nyantakara, na zote mbili alizifanya vizuri kuliko wengine wanavyofanya moja. Asubuhi alikuwa mhudumu wa zahanati. Alifagia, alichemsha sindano, aliwapanga wagonjwa kwenye benchi, na aliwakaripia wale ambao vichwa viliwauma siku za kupalilia shamba la kijiji tu. Mchana alitengeneza pombe ya ndizi. Alizaliwa Mbuba, upande wa Ngara, kwa Wakatoliki wa tangu zamani, na alipoolewa huku Biharamulo alikuja na machipukizi sita ya migomba. Mume alikufa, migomba ikabaki, na mimi nasema bila kuona haya kwamba migomba ilimtunza vizuri kuliko marehemu, Mungu amsamehe.

Alikuwa mama wa mdomo. Hata Audax, mganga wa zahanati, kijana msomi mwenye koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, alimwamkia kila asubuhi na kungoja kwanza aone uso wake umeamkaje ndipo aombe ufunguo wa kabati la dawa. Mtu mmoja tu ndiye aliyemweza Deodata, naye alikuwa hajatimiza miaka mitatu: mjukuu wake, Esperansia. Mama wa mtoto, Jovina, aliishi hapo hapo kwa mama yake. Baba alikuwa mgambo, na mgambo mambo yao unayajua, leo yuko, kesho ameitwa. Esperansia akisema "Bibi, beba," Deodata alibeba, hata kama mikono imejaa ndizi.

Ugomvi wote ulitokana na maji. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake, na kila kilima kilikuwa na chemchemi yake. Ukiichafua, umejichafulia mwenyewe na shemeji zako. Ikaja operesheni ya vijiji, watu wakaswagwa pamoja, nyumba mia moja na hamsini zikapangwa mistari kama mihogo, na chemchemi ikawa moja. Wakaja pia wafugaji wa Kisukuma kutoka Shinyanga, na mkubwa wao alikuwa Mihayo, mzee mrefu, mpole, asiyetaja idadi ya ng'ombe wake kwa sababu kuhesabu ng'ombe ni kuwatakia mabaya. Watu walikadiria kwa vumbi.

Mto wa kunyweshea ulikuwapo, lakini njia yake ilipita katikati ya pori la mbung'o, na kwenda na kurudi ni kutwa nzima. Chemchemi ilikuwa bondeni, karibu na zizi. Wewe ungekuwa Mihayo ungefanyaje? Ng'ombe waliingia, wakanywa, wakakojoa, wakaacha na mengine, wakaondoka zao wameridhika. Mihayo hakuonja hasara yoyote. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kijichirizi kinachotosha nyumba moja, na mkewe Kwandu alikinga humo maji meupe kabisa. Wengine wote walichota chini ya kwato.

Bwana Afya wa wilaya akaja na baiskeli, akainama chemchemini, akainuka amekunja uso. Akasema maji yachemshwe. Wanawake wakamcheka waziwazi. Kuni za kuchemsha nani atazitoa? Tangu kijiji kipangwe, miti ya karibu ilikuwa imekwisha kama chumvi ya kuazima, na mzigo wa kuni ulikuwa mbali kuliko mto wenyewe. Basi, akasema Bwana Afya akipanda baiskeli yake, tungeni sheria ndogo, mwekeeni faini mwenye ng'ombe.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti wa kijiji, Bartholomayo, ambaye pia aliongoza Kamati ya Maji, akauliza faini iwe nini. Mmoja akataja shilingi, watu wakaguna, maana shilingi ilikuwa adimu. Mwingine akataja viboko. Mihayo akamtazama tu, kwa upole, na yule mtu akakumbuka kwamba ana kitu cha kufanya nyumbani.

Ndipo Deodata akasimama. "Nyie mnahangaika nini? Tangu lini mtu wa huku akikosa anatozwa shilingi? Mtu akikosa analeta pombe, wazee wanakunywa, kesi imekwisha, hakuna kununiana. Ng'ombe akikanyaga chemchemi, mwenye ng'ombe alete mtungi mmoja wa pombe ya ndizi. Kamati ya Maji inywe."

Loo, makofi! Wajumbe wa Kamati walinyoosha mikono kabla swali halijaulizwa. Je, Deodata alikumbuka kwamba kijijini pale mwenye ndizi za kutosha mtungi kila wiki ni yeye peke yake? Tusimsingizie. Alikumbuka, lakini kidogo.

Wiki tatu za kwanza sheria ilifanya kazi ajabu. Laurian, mjumbe wa Kamati aliyeteuliwa kuwa mlinzi, alizungushia chemchemi miiba, akakaa na fimbo. Ng'ombe walikwenda mtoni. Maji yakatulia mpaka ukaona kokoto chini. Kamati ilikutana kila Jumamosi, ikatazamana, midomo mikavu, ikafunga kikao.

Mihayo naye alikuwa anawaza. Wasukuma hawana haraka, lakini wakimaliza kuwaza wamemaliza. Asubuhi moja akabisha hodi kwa Deodata.

"Mayu," alisema, kwa heshima, kama anavyomwita mama yeyote, "mtungi mmoja ni maziwa kiasi gani?"

Deodata akamtajia.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Nikienda mtoni, vijana wangu wawili wanapoteza kutwa, na mbung'o wananimalizia ndama. Nikienda hapo bondeni, natoa mtungi. Mtungi ni nafuu sana."

Hapo ndipo Deodata alipotakiwa kumfukuza kwa mwiko. Mhudumu wa zahanati, mama mzima! Badala yake aliuliza, "Mingapi kwa wiki, baba?"

Na mambo yakaharibika kwa amani kabisa. Zamani, kabla ya sheria, wanawake walimzomea Mihayo wakimkuta bondeni na ng'ombe, naye aliinamisha kichwa na kuwaharakisha wanyama, maana alikuwa mtu wa aibu. Sasa alivua kofia. "Nimelipa, mama," aliwaambia, uso mkunjufu. Na kweli alikuwa amelipa! Utamjibu nini mtu aliyelipa? Aibu yote ilikuwa imekwisha nywewa na Kamati. Baada ya muda akaanza kulipa kabla ya kosa. Jumatatu analeta mitungi miwili: "Huu wa leo, na huu wa Alhamisi." Bartholomayo akamsifu hadharani kuwa ni mwananchi wa kuigwa, anayeheshimu sheria za kijiji.

Miiba ya Laurian ikapungua, tawi moja moja, ikaenda kuwasha moto. Mwenyewe akahamisha kigoda chake upande ambao haoni njia ya ng'ombe. Kisha zikanyesha mvua nzito, madimbwi yakajaa, ng'ombe wakanywa huko huko malishoni, na kwa wiki mbili hakuna aliyekosa. Kamati ikaitisha kikao cha dharura. Sijui kilijadili nini. Ninachojua ni kwamba kesho yake asubuhi magadi, yale ambayo ng'ombe hulamba mpaka wakasahau njia ya nyumbani, yalikutwa yamemwagwa kuzunguka chemchemi nzima. Magadi hayaoti kama uyoga, jamani. Ng'ombe walirudi mchana ule ule.

Na Deodata? Deodata alinenepa. Maziwa yalimfuata mlangoni, na mwisho Mihayo, kuondoa usumbufu, akamletea mtamba mwekundu kuwa malipo ya mitungi ya mwaka mzima. Deodata alimfunga nyuma ya nyumba, akamwinua Esperansia amshike pembe. "Huyu atazaa, na maziwa yake ni yako," alimwambia. Alisema kwa moyo wote. Mama yule hakuwa na kitu alichokitaka duniani zaidi ya kumwona mtoto yule ananenepa.

Lakini asubuhi alikuwa zahanati, na zahanati ilikuwa inamweleza habari nyingine. Benchi lilijaa matumbo. Watoto waliharisha, mama zao wakaharisha, na sanduku la dawa la miezi mitatu likawa linamalizika kwa mwezi mmoja. Audax aliandika kwenye daftari lake, akakuna kichwa kwa kalamu ya pili. Deodata aliwafutia watoto, aliwapa pole mama zao, alimwaga ndoo. Saa saba alivua sare ya zahanati, akaenda kukamua ndizi. Moyoni mwake kulikuwa na nyumba mbili, na mlango wa katikati aliufunga mwenyewe.

Ilipofika mwisho wa mwaka sabini na nane, vita vikawaka kule kaskazini, Kagera. Malori yaliyojaa askari yalipita Biharamulo usiku na mchana, na lori la dawa nalo likaenda kubeba askari, na nani angelalamika? Baba yake Esperansia aliitwa, akaenda. Sanduku la dawa halikuja. Matumbo hayakungoja vita viishe. Bartholomayo akatoa maelezo rasmi ya kijiji: ni moshi wa mabomu, unaletwa na upepo. Maji hayana neno, alisema, na akajipangusa povu la pombe mdomoni.

Esperansia aliugua siku ya Jumanne. Jumatano mchana macho yalikuwa yameingia ndani na hakuomba kubebwa. Deodata alimpeleka zahanati mbio, kifua wazi, kanga imeanguka njiani, akampita kila mtu kwenye benchi lile alilozoea kulipanga mwenyewe.

"Dawa sina, mama, unajua sina," alisema Audax. Akamwelekeza: maji yaliyochemshwa, uji mwepesi, chumvi kidogo, kijiko kimoja kimoja, bila kuchoka. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila mama, "Maji ya kunywa nyumbani kwenu yanachotwa saa ngapi?"

"Jioni. Jovina huyachota akitoka shamba."

"Na ya pombe?"

Maji ya pombe aliyachota mwenyewe, alfajiri, kabla ng'ombe hawajafika. Pombe haitaki tope, inachacha vibaya. Kwa miezi yote ile Kamati ya Maji ilikuwa inakunywa maji safi, na mjukuu wake alikuwa anakunywa yaliyobaki.

Audax akainamia daftari lake, akaandika. Ni busara kubwa kwa kijana wa umri ule. Deodata alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amepafagia asubuhi, akalia kwa sauti, na wagonjwa wakamtazama kwa hofu, maana hawakujua kama machozi anayo.

Siku tatu alishika kijiko. Alikusanya majani makavu ya migomba na kuvunja kigoda chake apate moto wa kuchemshia. Hakukamua ndizi, hakufagia, hakumkaripia mtu. Siku ya nne asubuhi mtoto alifumbua macho, akamtazama bibi yake, akasema kwa kasauti kembamba, "Bibi, beba." Deodata akambeba mpaka saa sita hakumweka chini.

Akiwa amembeba ndipo alipoanza kufikiri. Aache kupika pombe? Mihayo atapata ya mtama kwa mwingine, mitungi iko mingi. Amgombeze Mihayo? Analipa, tena kabla ya siku. Aigombeze Kamati? Fisi umempa bucha alinde, halafu umwulize kwa nini ananenepa! Kila mtu kijijini alikuwa amepata chake, na yeye zaidi ya wote. Hasara ilikuwa imetupiwa wale wasioitwa kikaoni, wenye miaka miwili na mitatu. Na sheria ile aliitunga nani? "Mjinga wewe," alijiambia, akambadilisha mtoto bega. "Mjinga mwenye mtamba."

Jumapili kijiji kiliitwa kuchangia vita. Mihayo alitoa madume mawili, akapigiwa makofi, na aliyastahili. Watu walitoa maharage, mihogo. Bartholomayo alikuwa anataka kufunga kikao Deodata aliposimama.

"Nina neno kuhusu faini ya chemchemi."

Kamati ikatabasamu. Walidhani anaongeza mitungi.

"Faini ibaki ya kunywa," alisema. "Ila kinywaji kibadilike. Ng'ombe akiingia chemchemini, siku ile ile, mwenye ng'ombe anywe kibuyu kizima cha maji yale, yanachotwa pale pale penye kwato. Mbele ya watu. Akimaliza yeye, Kamati ya Maji inywe, mjumbe mmoja mmoja, kibuyu kizima kizima. Hakuna kuchemsha."

Laurian alikohoa.

"Mama Jovina," alisema Bartholomayo, "maji tumekwisha eleza. Maji hayana neno. Ni moshi wa..."

"Basi tunagombania nini, mwenyekiti? Kama hayana neno, mmepata kinywaji cha bure."

Wanawake waliangua kicheko, kisha vigelegele. Kwandu mwenyewe, mke wa Mihayo, alipiga vigelegele mpaka mumewe akageuka. Ilipoitwa kura wanawake walinyoosha mikono yote miwili, na waume zao walipotazama walioketi nao na kukumbuka nani huwaletea maji ya kuoga, nao wakanyoosha. Sheria ikapita. Siku hizo azimio lilikuwa azimio.

Jamani, mkuki kwa nguruwe! Jumatatu asubuhi wajumbe wa Kamati walikuwa bondeni na mapanga kabla ya jogoo wa pili. Walikata miiba mipya, wakachimba mfereji, wakapanda ua wa minyaa, na magadi wakayaokota punje kwa punje. Laurian alirudisha kigoda upande wa njia. Mihayo akaja, akasimama juu ya mwinuko na fimbo yake mabegani, akatazama kazi yote ile, akawaza. "Sasa mto ni nafuu," alisema, bila kinyongo. Mwezi haukuisha, yeye na vijana wake wakawa wamechimba hodhi la kunyweshea chini kabisa, kule maji yanakokwishia, ambako hachoti mtu. Miaka yote ile lingeweza kuchimbwa, na hakuna aliyekuwa na sababu.

Akamfuata Deodata. "Mayu, mitungi siihitaji tena. Lakini mtamba nimekwisha mtoa, na mtoto amekwisha mzoea. Kaa naye." Mtu wa watu, Mihayo.

Benchi la zahanati likapungua watu. Esperansia akaanza kurudisha mashavu. Ningeweza kuishia hapo nikalale, lakini mtamba hakukubali.

Asubuhi moja, kumepambazuka tayari, Deodata alishuka bondeni na mtungi wake kichwani. Miiba ilikuwa imelazwa. Katikati ya chemchemi, maji yakimfika magotini, alisimama mtamba mwekundu na kipande cha kamba shingoni. Alikuwa ananywa kwa mbele, na kwa nyuma anafanya yale mengine.

"Shikamoo, mama," alisema Laurian, aliyekuwa amesimama hapo kama mtu aliyeibiwa.

"Marahaba."

"Mama, mimi sijaona kitu."

Bartholomayo naye alikuwa anateremka mbio na wajumbe wawili. Hakusalimia. "Mtoe haraka, Mama Jovina," alinong'ona. "Nani ameona? Ni sisi tu. Ikifika mchana maji yatakuwa yametulia. Mnyama ni wako, wewe ni mwenzetu, tusiaibishane kwa kitu kidogo."

Deodata aliwatazama wote wanne, mmoja mmoja. Wanaume wale wale waliomwaga magadi ili kosa litokee, leo walikuwa wanalifunika kwa viganja. Na yeye ndiye aliyewafundisha mara zote mbili. Juu kwenye njia wanawake walikuwa wanakuja na vyungu, wanacheka. Jovina alikuwa mbele, Esperansia mgongoni. Tumbo lake lilikuwa la miaka hamsini na tatu na alilipenda. Hatua tatu tu, avute kamba, ampige mnyama kibao, na hakuna ambaye angejua. Mara ya pili angetoroka ng'ombe wa Bartholomayo, na hakuna ambaye angejua. Ya tatu wangekuja wa Mihayo.

"Ng'ombe wangu kaingia!" alipiga ukelele, na bonde likaitika. "Njooni muone! Wa kwangu mimi, Deodata!"

Wanawake wakaja mbio. Deodata akaingia majini mpaka magotini, akachota penye kwato, kibuyu kizima, akakiinua. Maji yalikuwa rangi ya ugoro. Alifanya ishara ya msalaba, akanywa. Aliposimama kupumua hakuna aliyecheka. Akanywa tena mpaka kibuyu kikawa kitupu, akakigeuza juu chini watu waone, akapangusa mdomo kwa mkono. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Kisha akachota tena, kwa ajili ya Kamati. Alipokuwa anapanda kutoka majini na kibuyu kimejaa, Esperansia alinyoosha mikono kutoka mgongoni kwa mama yake. Mtoto alikuwa ameamka na kiu.

"Bibi, maji."

Deodata akakiinua kibuyu juu, mbali na vile vidole. "Haya ni ya wakubwa," alisema, na akakipeleka kwa Bartholomayo.

Mwenyekiti alikipokea kwa mikono miwili. Akamtazama mtoto, ambaye bado alikuwa amenyoosha mikono, akafumba macho, akanywa.